Dakika Mia Mbili Themanini na Sita

Rotherham, 29 Januari 2025

Dada Noreen,

Baba tulimpoteza Alhamisi tarehe 9 mwezi huu, saa kumi na dakika ishirini jioni. Siku kumi na nane baadaye, yaani juzi Jumatatu, nikaletewa barua ya kudaiwa pauni mia moja. Hilo la kwanza tumeshalizika. Hili la pili liko hapa mezani, na ndilo linalonifanya nikuandikie, kwa kuwa nimekupigia simu mara tisa tangu mazishi na hujapokea hata moja.

Mama hajambo. Anakula nusu ya anachowekewa, nusu ya pili anaifunika kwa sahani na kuiweka dirishani, halafu mimi naitupa akienda kulala mchana. Kila anayepita anaambiwa habari ileile: Noreen alikuwepo, alikuwa amemshika mkono. Ameshawaambia kasisi, jirani na yule dada anayemtengeneza nywele. Naona ndiyo inayomsimamisha. Na bado anafungua kila bahasha inayoingia mlangoni, yake au yangu, kwa kile kisu cha siagi. Hii niliiwahi kwa bahati.

Sasa sikiliza. Barua ni ya kampuni ya maegesho, wale wanaosimamia uwanja wa magari wa kituo cha maduka upande wa pili wa mji. Si polisi, si manispaa, ni watu na kamera yao. Wanasema gari langu la kijivu, lile nililokuachia kwa zile siku kumi na moja za hospitali, liliingia kwao tarehe 9 saa saba na dakika kumi na mbili mchana, likatoka saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Ruhusa ni saa mbili. Mimi nikahesabu: dakika 286, toa 120, zinabaki 166 za kudaiwa. Nikilipa kufikia tarehe 7 Februari ni pauni sitini, baada ya hapo ni mia.

Silipi hata senti. Saa hizo wewe ulikuwa hospitali, maili sita kutoka hapo. Mimi mwenyewe nilikukuta umeushika mkono wake. Kwa hiyo kuna mhuni amebandika namba yangu kwenye gari lake, au kamera yao haina akili. Jioni ileile nikaingia kwenye tovuti yao nikakata rufaa. Niliandika hivi: "Dereva wa gari langu alikuwa dada yangu, Noreen Flett, na muda huo wote alikuwa kando ya kitanda cha baba yetu aliyekuwa anakata roho." Wakasome hiyo.

Ninachohitaji kwako ni kimoja, zile risiti za maegesho ya hospitali za siku hiyo. Wewe hutupi risiti. Nitumie.

Ndugu yako,
Royston


Westray, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Roy,

Salamu kwako na kwa Mama. Barua yako ilikaa bandarini Kirkwall siku nne kwa sababu meli ya kuja huku kisiwani haikuvuka. Upepo huku umeng'oa mlango wa banda, na shemeji yako Magnus, na lile goti lake, alilazimika kuushikilia huku mimi nikipigilia misumari. Amekusalimu. Anasema kwenye mazishi mlimpa kipande kidogo cha nyama na anakukumbusha kwamba alisafiri siku mbili.

Hiyo barua ya maegesho ilipe tu, Roy. Naweka humu cheki ya pauni sitini. Najua tarehe yao imepita, ukiongeza arobaini nitakurudishia. Risiti sina.

Tafadhali usibishane nao zaidi. Nimechoka, na nadhani wewe pia umechoka ila hujajua.

Jambo lingine. Kwenye buti la gari, chini ya yale matambara yako ya kazi, kuna mfuko wa dukani. Usiutupe. Huna haja ya kuufungua, uweke tu mahali pakavu.

Mbusu Mama.

Dada yako,
Noreen


Rotherham, 16 Februari 2025

Noreen,

Mama anasalimu. Ameanza kula mayai. Bomba la jikoni lilipasuka Jumanne, nikalifunga mwenyewe. Mwambie Magnus zile nyama zilikuwa vipande themanini kwa watu sabini na wanne, akichelewa kupanga foleni ni shauri lake.

Cheki yako hii hapa, nakurudishia. Hujawahi katika maisha yako kulipa kitu usichodaiwa. Wewe ndiye uliyerudi dukani siku ile kudai peni saba za Mama, ukiwa na miaka minane, huku mvua inakunyeshea. Ghafla unataka kuwapa watu pauni sitini za bure? Hapo ndipo nilipoanza kuangalia vizuri.

Niliwaandikia wanitumie picha kubwa. Wameleta. Kwenye kioo cha nyuma kuna kibandiko cha kampuni yangu, HAGUE VIGAE, na namba ya simu ambayo tarakimu zake nilizibandika mwenyewe zikaenda upande. Kwenye bampa kuna lile bonyeo la kugonga nguzo mwaka jana. Hakuna mhuni wala namba ya kubandika. Ni gari langu.

Na mfuko nimeufungua, ndiyo. Gari ni langu. Pajama ya kiume, ya mistari ya bluu, yenye vifungo, pauni ishirini na mbili. Risiti imo: tarehe 9 Januari, saa nane kasoro dakika kumi.

Sasa mimi ni mtu wa hesabu. Tangu uingie mpaka ulipe ni dakika thelathini na nane. Hizo nakupa, mtu huchagua. Zinabaki 248. Baba amekufa ndani ya hizo 248. Mama anawaambia watu wa mtaa mzima kwamba mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wako, na mimi nimeandika hivyohivyo kwa hao watu wa kamera na kuweka jina langu chini.

Ulikuwa wapi? Sikuulizi kwa hasira. Sijui hata nauliza kwa nini, sina hasira wala sina kitu. Lakini nataka hesabu ifunge.

Royston


Westray, 25 Februari 2025

Roy,

Sisi wazima. Kondoo wawili wamezaa kabla ya wakati na wote wanne, mama na watoto, wako jikoni karibu na jiko kwa sababu banda halina mlango. Mwambie Mama, atacheka.

Nilikuwa nimelala.

Usiku ule wa kumi na moja nilikuwa nimeukesha kwenye kile kiti cha plastiki kama zile nyingine zote. Asubuhi Baba alikuwa na akili zake. Alilalamika kwamba lile gauni la hospitali liko wazi mgongoni na kwamba amekuwa "kama kuku wa dukani." Ndiyo maneno yake. Akataka pajama, yenye vifungo, si ya kuvaa kwa kichwa. Nikasema nitaileta. Muuguzi akasema yuko sawa, niende nikapate hewa.

Niliinunua. Nikanunua na sandwichi, nikakaa ndani ya gari niile. Nikawasha kipasha joto. Nakumbuka kung'ata mara moja. Nilipofumbua macho taa za maegesho zilikuwa zinawaka na nje kuna giza, sandwichi iko mapajani na simu haina chaji. Sikujua ni saa ngapi mpaka nilipoitazama saa ya gari.

Nilifika wodini saa kumi na mbili na dakika ishirini. Walikuwa wameshamfunika mpaka kifuani na kumchana nywele, upande usio wake. Nilizirudisha upande wake. Nikakuita kwa simu ya mkononi aliyoniazima muuguzi, kisha nikakaa nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, Roy. Ukaja saa moja na robo, ukatukuta hivyo, ukasimama mlangoni na kusema, "Afadhali ulikuwepo." Sikukusahihisha. Ulivyokuwa umesimama pale sikuweza. Kesho yake ukamwambia Mama, na Mama akaniangalia, na hapo ndipo nilipodanganya kweli. Nilisema ndiyo.

Jambo moja tu nataka uliandike kwenye hesabu yako. Mimi sikutoka pale nikamwacha peke yake. Nilitoka saa saba kasorobo kwa sababu asubuhi ulipiga simu ukasema, "Saa saba kamili niko hapo, nenda kapumzike." Nilijua ninamwachia mtu.

Sikukuuliza siku ile. Wala leo sikuulizi.

Noreen


Rotherham, 8 Machi 2025

Dada Noreen,

Mama alicheka habari ya kondoo, akauliza kama wanapewa chai. Mafua yake yamepungua. Nimempeleka kaburini mara mbili. Jiwe litakuwa tayari Mei. Herufi wanahesabu moja moja na kila moja ina bei, kwa hiyo nimewaambia waandike Harold Hague na miaka yake, basi.

Barua yako nimeisoma. Nimeiweka garini, si nyumbani.

Kampuni imekataa rufaa yangu. Barua yao ni ya tarehe 28 Februari. Wanasema asante kwa kututajia dereva, sasa deni ni lake. Jina lako limeandikwa kwa herufi kubwa.

Nimekaa na bwana mmoja wa ofisi ya ushauri wa bure wa sheria, karibu na soko. Alisoma karatasi zote mara moja, akavua miwani. Akaniambia sheria inawapa siku kumi na nne kumfikishia barua mwenye gari kama hawamjui dereva. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 23 Januari. Yao ilifika 27. Akasema, "Ungeandika sentensi moja tu, kwamba mmeleta barua mmechelewa, na dereva simtaji. Ungeshinda ukiwa umekaa. Kwa nini ulimtaja?"

Nikamwambia nilitaka wajue.

"Wajue nini?"

Kwamba alikuwepo mtu, nikasema. Akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui alichoandika. Miaka ishirini na sita nasoma mikataba ya vigae mpaka yale maandishi madogo kama mchwa, sijawahi kutia sahihi upumbavu. Huu nimeutia mwenyewe bila kuombwa.

Sasa imebaki njia moja, kamati ya rufaa, ambayo si ya kampuni. Mlango wao unafungwa Ijumaa tarehe 28 Machi, saa sita mchana. Kwao huwezi kusema tu umefiwa, wanataka karatasi. Niliomba barua ya wodi. Imekuja. Mistari miwili ndiyo ya maana: "Mgonjwa alifariki saa kumi na dakika ishirini jioni. Ndugu walitafutwa kwa simu bila mafanikio, na hakukuwa na ndugu kando yake."

Kwa hiyo ukikata rufaa, unatuma hiyo. Usipokata, ni pauni mia moja na yamekwisha. Dereva ni wewe, lazima sahihi iwe yako.

Kuhusu ile saa saba, kazi ilinishika.

Royston


Westray, 16 Machi 2025

Roy,

Salamu kwa Mama. Meli zinatembea. Mlango wa banda umerudi.

Hiyo karatasi ya wodi usiiache ndani ya nyumba. Wala picha. Mama akiona saa zile atazijumlisha kabla hujavua koti. Kukata rufaa ni kuandika kwa kalamu kwamba Baba hakuwa na mtu, na majibu yake yatarudi kwenye mlango wako, na kisu cha siagi kiko palepale. Kwa pauni mia nanunua kila mwaka aliobakiza Mama akiamini nilikuwepo. Ni rahisi. Nilipe lini na wapi?

Kama una sababu ya kunikatalia, iandike. Lakini angalia kitu kimoja. Umenipimia dakika zangu zote, mpaka za kuchagua pajama. Zako umezifunga kwa maneno mawili, "kazi ilinishika." Kwa mtu anayehesabu herufi za jiwe la baba yake, naona hapo umekuwa mkarimu.

Noreen


Rotherham, Jumamosi, 22 Machi 2025

Dada Noreen,

Salamu nitaziweka mwisho, leo haziji mbele.

Mama amesoma. Si ile karatasi ya wodi, hiyo iko garini na barua zako. Jumatano kampuni ilileta bahasha nyingine, nakala za picha kwa ajili ya kamati, mimi nikiwa kazini. Nilirudi nikamkuta mezani. Kisu kiko kando ya mkate, na picha mbili amezipanga mbele yake, ya kuingia kushoto na ya kutoka kulia. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye mashine ya fedha dukani, unakumbuka, na hakupungukiwa hata siku moja.

"Hili si gari lako?"

Nikasema ndilo.

"Liliingia saa saba na dakika kumi na mbili. Likatoka saa kumi na mbili kasoro mbili." Aliweka kidole juu ya picha ya kulia. "Baba yenu alikwenda saa kumi na ishirini. Na wewe, Royston, ulikuwa wapi?"

Nikasema kazini.

Kisha akasema, "Kumbe hakuwa na mtu."

Si kwa ukali. Kama anayesoma jumla. Akainuka, akakiosha kile kisu, akakikausha na kukirudisha kwenye droo, na tangu siku hiyo bahasha zinabaki zimelala mlangoni mpaka nirudi. Hajawaambia tena watu habari ya mkono. Jana kasisi alikuja, akataja, na Mama akamuuliza kama anataka sukari.

Kwa hiyo kile ulichotaka kukinunua kwa pauni mia hakiko tena sokoni. Ndiyo sababu yangu ya kukukatalia. Na sasa hizi hapa dakika zangu.

Tarehe 9 nilikuwa Doncaster kwenye hoteli inayokarabatiwa, mabafu kumi na manne, sakafu na kuta. Nilifika saa tatu asubuhi. Nilipaswa kumaliza kupima saa sita, nije hospitali saa saba. Saa sita na nusu mwenye hoteli akapiga simu kwamba anachelewa, nimsubiri, kuna fundi mwingine wa kutoka Leeds anakuja saa tisa na bei yake. Nikasubiri. Saa saba ikapita nikiwa naiangalia. Nilijiambia Noreen hatatoka mpaka nifike. Hilo ndilo nililojiambia, na nilijua si kweli, kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia utoke.

Simu yangu iliita saa tisa na dakika nane, saa tisa na dakika thelathini na moja, na saa kumi na dakika mbili. Mara zote tatu namba ilikuwa imefichwa. Mimi namba zilizofichwa sipokei, huwa ni watu wa bima. Mara ya tatu nilikuwa namwambia mwenye hoteli nampunguzia pauni mia nane akikubali pale pale, na nikaizima kwa kidole gumba bila kuangalia. Akakubali. Tukapeana mkono. Kumbukumbu za simu zipo, nimezitazama kila siku tangu wakati huo. Hospitali zote hupiga kwa namba iliyofichwa, mtoto mdogo anajua. Hata mimi nilijua.

Kazi ni ya pauni elfu thelathini na nane na mia nne. Naanza tarehe 7 Aprili.

Niliwakuta, nikasimama mlangoni nikasema afadhali ulikuwepo. Nilisema vile kwa ajili yangu. Kesho yake nikamwambia Mama kwa ajili yangu. Na nilipowaandikia watu wa kamera nikakutaja jina, ilikuwa kwa ajili yangu vilevile, kuwepo mtu mmoja aliyekuwepo. Kwa hiyo ule uongo unaosema ulidanganya wewe, mwenyewe ni mimi.

Humu nimeweka tamko langu, nimetia sahihi, na yule bwana wa ofisi ya ushauri ameshuhudia. Ni mistari mitano. Linasema dereva alikuwa hajalala usiku kumi na moja, kwamba alitoka hospitali kwa sababu mimi, mwenye gari, nilimwahidi kufika saa saba kamili, na kwamba sikufika. Nimeweka saa za simu zote tatu. Ukiliambatanisha na karatasi ya wodi, yule bwana anasema kamati huenda ikawaomba kampuni wafute, au isiwaombe. Uwezekano nusu kwa nusu. Wakikataa, mia nalipa mimi. Lakini nataka liandikwe mahali, na lisomwe na mtu anayelipwa kusoma. Mama nimeshamsomea. Alisema nimekosea tarehe kwenye mstari wa pili, na kweli nilikuwa nimekosea.

Pajama iko kabatini kwangu, mahali pakavu.

Basi nijibu. Kwanza, unatia sahihi au hutii. Fomu inafungwa Ijumaa tarehe 28, saa sita kamili mchana, na meli zenu nazijua, kwa hiyo usiandike. Piga simu.

La pili halimo kwenye fomu. Ulipotoka pale saa saba kasorobo, ulimwambia Baba kwamba nakuja? Alikuwa na akili zake, umesema mwenyewe. Kutoka saa saba mpaka saa kumi na ishirini ni dakika mia mbili. Nataka kujua kama alizilala tu, au alizingoja. Usinipunguzie, Noreen, na usinihurumie kama ulivyonihurumia mlangoni. Ulimwambia, ndiyo au hapana?

Mama anasalimu. Mpe Magnus pole ya goti.

Kabla ya Ijumaa, saa sita mchana. Nitapokea, hata namba ikiwa imefichwa.

Ndugu yako,
Royston